Jumamosi za Mwalimu wa Kwaya

Kuna wakati niliamini, tena si kuamini kwa mdomo, ni kuamini kwa kulala nayo na kuamka nayo, kwamba mwalimu wetu wa kwaya alikuwa anapajua mahali Wajerumani walipozika dhahabu yao. Habari yenyewe ilikuwa imekamilika kama nyumba iliyokwisha kuezekwa. Mjerumani mmoja, wakati wa kukimbia vita, aliondoka na masanduku usiku, akayafukia kwenye msitu wa kwenda Shume, juu yake akaweka joka la kulinda. Ramani aliiacha kanisani. Na kwa kuwa mwalimu wetu ndiye aliyebandika namba za nyimbo ubaoni kila Jumapili, basi zile namba ndizo ramani. Hiyo ndiyo sababu, tuliambiana, mwezi wa nane unaweza kushangaa mnaimbishwa wimbo wa Pasaka.

Ushahidi? Ushahidi ulikuwa unatembea kwa miguu yake. Kila Jumamosi, chakula cha mchana kikishashuka tumboni, mwalimu alivaa mabuti ya mpira, akachukua fimbo, akaongozana na mtu mmoja wakapanda msituni. Jumamosi hii mtu huyu, Jumamosi ijayo mwingine. Walirudi jua likizama, matope hadi magotini, mikono mitupu. Sasa mtu mzima mwenye akili zake anapanda mlima ule wiki hadi wiki kutafuta nini? Kuni? Kuni alikuwa nazo nyuma ya jiko mpaka zinaota uyoga.

Jina lake silitaji. Sisi wenyewe hatukulitumia. Alikuwa Mwalimu, basi, ingawa hakuwahi kushika chaki ya serikali hata siku moja. Naye hakututaja majina. Kwake mtu ni sauti yake. Ungempeleka bibi harusi mbele yake angesema, "Alto, hongera." Mimi nilikuwa Besi. Hata tulipokutana sokoni, mbele ya wateja wangu wa karoti, aliniita Besi, nikaitika kama nimeitwa mheshimiwa.

Alikuwa mrefu, mwembamba, koti la kijivu kiangazi na masika. Sauti yake sijaisikia tena kwa mwanadamu mwingine. Akisafisha koo pale kanisani, mbuzi wa ng'ambo ya bonde waliacha kula. Ukungu wetu wa asubuhi, ule unaokaa kama mgeni asiyejua kuaga, nina hakika ulikuwa unasogea pembeni akianza kuimba. Lakini kufundisha alifundisha kwa kunong'ona. "Pumzi kwanza," alikuwa akisema. "Imani mnayo, ila haitatufikisha ubeti wa tatu kama hamna pumzi." Na sisi wa besi alitusema kila wiki: "Mnaimba kama mnashusha magunia ya viazi kwenye lori. Wekeni chini polepole. Fanyeni kama humo ndani mna mayai."

Mambo yake mengine yalikuwa hayaelekani. Mazoezi aliyaanza kwa dakika, ukichelewa unaimba peke yako mbele ya wote, lakini yeye mwenyewe alisahau kula mpaka mkewe amtumie mtu. Kwa sukari ya chai ya kwaya alikuwa mchoyo kama mtunza bohari, halafu unamkuta amemvulia mtu sweta barabarani. Lililotushinda kabisa ni hili: mwalimu mwenye kwaya nzuri kuliko zote Usambara hii, na hapo sizidishi chumvi hata chembe, alikuwa hataki mashindano. Barua ya mwaliko ikija anaikunja anaikalia. "Nendeni na mwalimu mwingine," alisema. Wakamwita mwenye kiburi. Siku moja sauti ya kwanza walibishana nani aimbe peke yake ubeti wa mwisho, mmoja akasema tupige kura kwa vijiti, atakayevuta kirefu ndiye. Mwalimu alitoka nje. Alisimama kule kwenye manyunyu bila kofia mpaka tulipomaliza, akarudi akasema, "Siku nyingine chagueni kwa masikio."

Hatukuelewa. Na sababu ya kutokuelewa si kwamba hatukujua shida yake. Tuliijua wote, usharika mzima na msikiti wa jirani. Mwalimu alikuwa mgonjwa wa kubeti. Tulichokijua vibaya ni kwamba alikuwa amepona.

Lilivyofumuka lilifumuka kwa sababu ya kinanda. Jumapili moja tuliingia kanisani tukakuta meza ya kinanda imefunikwa kitambaa chake safi, na chini ya kitambaa hakuna kitu. Kiko kwa fundi Tanga, alituambia. Kikakaa kwa fundi huyo mpaka mimi nikaanza kumhurumia fundi, kwamba huenda kimemshinda na anaona haya kukirudisha. Wazee wa kanisa walipomwita na kumuuliza, hakuzunguka. "Nimekiuza," alisema. "Nimekiweka kwenye mkeka, na mkeka umechanika." Mzee mmoja, mtu mwema wa zamani, akauliza mkeka gani huo wa kuuzia kinanda, ikabidi aelezwe kwamba siku hizi mkeka ni orodha ya mechi mtu anazozibashiri kwenye simu, na timu moja tu ikikuangusha umepoteza yote.

Akatengwa. Kwetu Walutheri utaratibu unajulikana: hushiriki Meza ya Bwana, huongozi chochote, unakaa kama mtu mwingine mpaka uombe kurudi kundini. Alikaa benchi la nyuma karibu na mlango, mdomo umefungwa. Sisi mbele tuliimba kama gari lililokatika breki mteremko wa Soni. Nilikuwa nikigeuka namwona vidole vyake vinahesabu mapigo kwenye goti, peke yake.

Na nisiseme watu hawakumpenda. Siku aliporudi kundini sijaona vigelegele vile tangu nizaliwe. Alipiga magoti, mchungaji akamwekea mikono, akina mama wakaja na kanga, kwaya ikalia badala ya kuimba. Baada ya ibada, kama kawaida yetu, watu wakatoka nje kwenye mnada wa sadaka. Asiye na fedha huwa anatoa alichovuna, na vitu vinanadiwa pale uwanjani: mayai, kabichi, fungu la miwa. Siku hiyo kulikuwa na jogoo mmoja mwekundu, mkubwa karibu sawa na ndama. Mzee wa kunadi akamnyanyua.

Mwalimu akataja bei. Mtu akapandisha. Mwalimu akapandisha. Yule mtu akacheka akapandisha tena kwa utani, Mwalimu akampita kabla hajafunga mdomo. Watu wakaanza kupiga makofi. "Mwalimu amerudi kwa kishindo!" mzee wa kunadi akapaza sauti. "Haleluya! Nani anamshinda Mwalimu?" Mtu wa tatu akaingia. Bei ya jogoo ikapita ya mbuzi. Mchungaji mwenyewe alikuwa anacheka kwa furaha, na mimi nilikuwa napiga makofi mpaka viganja vinawaka, nikiona huyu sasa ndiye mtoaji. Mama Neema, mke wake, ndiye peke yake aliyekuwa hacheki. Alikuwa ameangalia chini, anafunga na kufungua pindo la kanga.

Nilimsaidia Mwalimu kumbeba jogoo mpaka nyumbani. Hakuingia ndani naye. Alikwenda moja kwa moja kwa jirani yake Bakari, mwosha karoti, mtu wa swala tano na maneno machache. "Mchukue huyu," alimwambia. "Mchinje leo hii. Sitaki kumsikia akiwika." Bakari alimpokea jogoo, lakini macho yake hayakuwa kwa jogoo. Alikuwa anaangalia mikono ya Mwalimu, ambayo ilikuwa inapapasa mifuko mitupu. Mimi nikaona ni ujirani mwema. Mkristo anampa Mwislamu jogoo siku ya furaha yake. Nikaondoka naimba.

Baada ya hapo ikaja ile habari ya ushuhuda. Mtu aliyetoka kwenye shimo, alisema mchungaji, asinyamaze. Tukampeleka kwa sharika za jirani, tukampeleka Shume, tukampeleka mpaka Gare kwenye mkutano wa pamoja na Wakatoliki. Na kusimulia alijua. Alipofika pale anapoeleza mkeka wake wa kwanza ulivyojibu, simu ilivyolia mfukoni akiwa shambani kwenye viazi, alivyopiga magoti kwenye matuta, kanisa zima lilikuwa linashika pumzi. Sehemu ya kutubu ilikuwa fupi. Mkutano ukiisha, vijana walimzunguka nje. "Shikamoo, Mwalimu. Ile siku uliyopata, uliwekaje?" Nilimwona akifungua mdomo kujibu, mara akaufunga, akaingia kwenye gari.

Siku ya kutoka Gare tulikuwa watatu mbele kwenye pikapu ya mchungaji, Mwalimu katikati. Akasema bila kuulizwa, "Mchungaji, naomba nisisimulie tena."

"Mwalimu, unajenga imani za watu."

"Wao wanajengwa. Mimi kila nikisimulia, naonja."

Mchungaji alimpiga bega kwa upendo. "Huyo ni Shetani anakutisha ili unyamaze. Tutakuombea." Na akamwombea hapo hapo, gari likiwa linatembea, macho wazi kwa sababu ya kona. Jumapili iliyofuata tulikuwa na safari nyingine.

Baada ya safari hizo zote likawa jambo lililokwisha. Alipokelewa, aliombewa, alishuhudia. Amepona. Kanisa letu lina njia ya kumweka mtu nje na njia ya kumrudisha ndani, zote mbili zina siku yake na nyimbo zake. Siku ya kawaida inayofuata haina wimbo. Kwa hiyo Bakari alipoanza kazi yake hakuna aliyeiona kuwa ni kazi.

Alinijia mtoni, mimi nikiwa ndani ya maji nakanyaga karoti zitakate. "Ndugu yangu, Jumamosi una nafasi? Mwalimu anapenda kupata mtu wa kutembea naye."

"Kutembea wapi?"

"Kutembea tu, huko juu. Mrudi jioni. Zungumzeni habari za nyimbo. Maswali usimuulize."

Sasa wewe mwambie mtu ambaye tayari amesikia habari za dhahabu kwamba maswali asiulize. Jumamosi ile nilivaa koti la marehemu baba, refu mpaka kwenye vigimbi vya miguu, na ndani yake nimeficha kijembe kifupi cha kupalilia. Nilitembea kilomita zote zile nimekakamaa upande mmoja kama mwanajeshi wa gwaride. Mwalimu aliniangalia, akatangulia.

Tulipofika ndani kabisa, kwenye misonobari, akasimama. Nikashika mpini wa kijembe. "Besi, simu yako inakamata?"

Nikainua simu juu, nikazunguka nayo. "Hapana, Mwalimu. Hata kijiti kimoja."

"Vizuri."

Vizuri kabisa, nikasema moyoni, hakuna wa kupigia wenzake waje watupore. Tukakaa kwenye gogo. Akanifundisha mstari wa besi wa wimbo mpya, taratibu, mara nyingi, mpaka ndege wakaujua. Kisha wimbo ukatuishia. Baridi ilikuwa inauma, lakini niliona jasho limemtoka juu ya mdomo, na mikono imelishika gogo kama linataka kuondoka naye.

"Zungumza, Besi."

"Nizungumze nini, Mwalimu?"

"Lolote. Usinyamaze."

Nikamsimulia masomo yangu ya jioni, jinsi tulivyokuwa darasani watu wazima wenye wajukuu, magoti yamekwama chini ya madawati ya watoto. Nikamsimulia mzee mmoja aliyekuja na mkewe amsaidie mtihani, na mke akafaulu yeye. Nilimwongezea chumvi ya kutosha, mzee nikampa ndevu za kufika kwenye daftari. Mwalimu alisikiliza kama mtu anasikiliza redio ya vita. Kila baada ya muda aliuliza, "Saa ngapi?" Nami nilijibu nikiamini dhahabu ya Mjerumani ina saa yake, kwamba lazima jua liguse mti fulani. Kigiza kilipoanza kuingia kwenye miti, akavuta pumzi ndefu ile aliyokuwa akitufundisha, akasimama.

"Zimeisha," alisema. "Turudi."

"Zimeisha nini, Mwalimu?"

"Twende, Besi. Umenifaa sana leo."

Nilienda naye Jumamosi nyingi, kila zamu yangu ilipofika. Wenzangu pia. Tulikutana sokoni tukichunguzana, nani amechimbua kitu, nani ananunua bati ghafla. Na nitasema ukweli kuhusu ile miaka: kwaya haijaimba vile kabla wala baadaye. Mama Neema alinenepa. Mwalimu alikuwa anacheka mazoezini, tena kwa sauti yake halisi, glasi za Meza ya Bwana zinalia kabatini. Hapo ndipo ilipokuwa dawa yote, na sisi tulikuwa tunaitoa kwa mikono yetu bila kujua, huku tukisubiri dhahabu.

Halafu Bakari akahamia Zirai. Mama yake alikuwa mgonjwa, na kulikuwa na shamba la iliki lisilo na mtu. Aliondoka kimya kama alivyoishi. Siri ya Mwalimu alikuwa ameisitiri, ndivyo alivyolelewa, aibu ya jirani huifuniki kwa ungo, unaifunika kwa nguo. Aliisitiri mpaka akaondoka nayo, na hakuna aliyebaki wa kuwapitia watu mtoni na kuuliza una nafasi Jumamosi.

Zamu zikalegea. Jumamosi ndiyo siku ya harusi, ndiyo siku ya mazishi yaliyosubiri watoto kutoka Dar. Lori la karoti linapakia Jumamosi. Na watu walikuwa wamechoka: miaka yote hiyo, hata sarafu moja haijaonekana. Mmoja alisema mbele yangu, "Mzee yule anatuchezea tu. Akipata atakula peke yake." Tukacheka. Mvua za masika zikaja. Nilimwona Jumamosi moja moja akipita juu ya shamba langu, mabuti na fimbo, peke yake, anaelekea msituni. Aliinua fimbo, nami nikainua jembe. Baadaye nikawa namwona anarudi mapema. Baadaye tena nikamwona, Jumamosi, saa zile zile, bila mabuti, anateremka kwenda mjini.

Hiyo mara ya pili haikuwa na baraza wala benchi la nyuma. Aliacha kuja kanisani mwenyewe. Viazi vilivunwa na mtu mwingine, kisha shamba likawa la mtu mwingine. Mama Neema aliondoka na watoto kwa kaka zake. Nilimkuta siku ya kuondoka, amekaa juu ya sanduku kando ya barabara, nikamwambia, "Mama, tutamwombea."

"Ombeni," alisema. "Angekufa mngekuja na unga."

Nimelibeba neno hilo mpaka leo na sijapata pa kuliweka. Kwa sababu ni kweli tupu. Mtu akifa hapa kwetu, jioni hiyo hiyo Mlutheri, Mkatoliki na Mwislamu wanajua nani analeta maji, nani analeta sufuria, nani analala na wafiwa. Hakuna anayeuliza kama marehemu alistahili. Tunakaa tu. Lakini mtu anayekufa kidogo kidogo kwa vidole vyake mwenyewe, kila Jumamosi, hatujui kumkalia. Mchungaji alimfuata nyumbani, akakuta mlango umefungwa, akafuata tena. Mwisho mzee mmoja akasema kwenye kikao, "Tulimpokea, tukamwombea, tukamsafirisha. Mlitaka tufanye nini tena?" Kikao kikahamia ajenda iliyofuata. Na mimi mwenye maneno mengi nilikuwepo.

Juzijuzi nilikuwa mjini kupokea mbegu. Jumamosi, manyunyu yale ya Lushoto yasiyokatika. Karibu na stendi kuna kibanda cha kubetia chenye televisheni ukutani, na nje yake benchi. Alikuwa amekaa mwisho wa benchi kati ya vijana, koti lile lile, limempwaya. Nywele zimekuwa nyeupe zote.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Besi." Sauti ilikuwa imekwisha. Imebaki kama mlango unaofunguliwa na upepo. "Karoti hazijambo?"

"Hazijambo. Twende tupate chai."

"Subiri mapumziko."

Nikasubiri nimesimama. Vijana walikuwa wanapiga kelele na kutukanana kwa timu zao, yeye hakupiga kelele. Aliangalia simu, akaangalia televisheni, akaangalia simu. Mapumziko yalipofika tukavuka barabara kwa mama ntilie. Kikombe alikishika kwa mikono miwili. Nilimuuliza habari za Mama Neema, akasema, "Wako salama kwao." Nilimwambia kwaya inamkumbuka. Akauliza ni nani sasa anawasema besi. Nikamwambia hakuna, tumerudi kwenye magunia ya viazi. Alitabasamu kidogo, macho yakavuka barabara kuangalia kama wameanza.

Nilitaka acheke kama zamani. Hilo ndilo lililonifanya nimuulize, lakini pia, Mungu ananiona, nilikuwa nataka kujua.

"Mwalimu, sasa niambie ukweli, mimi ni mtu wako. Ile dhahabu ya Wajerumani iliishia wapi?"

"Dhahabu gani?"

"Ya kule msituni. Tuliyokuwa tunaitafuta zile Jumamosi."

Aliweka kikombe chini. Aliniangalia kama anajaribu kukumbuka sauti yangu inaingia ubeti gani. Ng'ambo vijana wakashangilia, kipindi cha pili kimeanza. Akasimama, akafunga kifungo cha koti.

"Hakukuwa na dhahabu, Besi," alisema. "Kule juu simu haikamati. Mlikuwa mnakaa na mimi mpaka mechi ziishe."